Thomas Rayner Dawson, Mtunga Mafumbo ya Sataranji



Gazeti letu limezoea kutenga kurasa chache kwa ajili ya maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki, ili wadogo zetu walioko shuleni wajifunze na sisi wazee tukumbuke. Tumekwisha kusoma habari za wapigania uhuru, za madaktari na za wanasayansi. Safari hii naomba ruhusa yenu nimlete mtu wa namna nyingine kabisa, naye ni Thomas Rayner Dawson wa Uingereza, ambaye kazi iliyomletea sifa siyo ile iliyompa mshahara. Alitunga mafumbo ya sataranji, na mengi yake yalikuwa na sheria zilizogeuzwa na kete ambazo hamtazikuta katika boksi lolote la dukani.

Nina sababu ya kumchagua. Tuliolala bweni moja mtaukumbuka ule ubao wetu wa sataranji uliopotelewa na farasi mmoja mweusi, tukaweka kizibo cha soda mahali pake. Mtakumbuka pia usiku ule mwenzetu mmoja aliposhikilia kwamba kizibo si farasi, na kwa hiyo hakilazimiki kwenda kama farasi. Tulibishana mpaka kiranja akazima taa. Kesho yake alikuja na sheria ya kizibo, ameiandika vizuri nyuma ya daftari la hisabati, na chini yake fumbo la kwanza la kutatua. Kwa miaka miwili tulicheza sataranji ya kizibo. Mwenzetu huyo tulimzika mwaka jana. Wasifu wake uliposomwa ulitaja vyeo, vituo vya kazi, watoto na wajukuu. Mafumbo hayakutajwa, na mimi niliyekuwa nimeketi pale sikuwa na hakika kama yalistahili kutajwa. Maisha ya Dawson ndiyo yaliyonisaidia kulifikiri jambo hilo.

KIJANA WA LEEDS

Dawson alizaliwa tarehe 28 Novemba 1889 katika mji wa viwanda wa Leeds, kaskazini mwa Uingereza. Fumbo lake la kwanza lilichapishwa mwaka 1907, naye akiwa na umri wa vijana wetu wa kidato cha tano na sita. Lilikuwa fumbo la kawaida la hatua mbili: Mweupe anaanza, na Mweusi ajibu atakavyojibu, mfalme wake anafungwa katika hatua ya pili.

Kwa wale wasioijua fani hii, yafaa nieleze kidogo. Fumbo la sataranji si mchezo wa watu wawili wanaotoana jasho. Mtungaji hupanga kete ubaoni kwa makusudi, kisha hutoa sharti, na msomaji hutafuta njia. Njia ya kuanzia lazima iwe moja tu. Likipatikana jibu la pili ambalo mtungaji hakulikusudia, fumbo limevunjika, hata likiwa zuri namna gani. Ni sawa na kitendawili: kikiwa na majibu mawili yanayofaa, aliyekitega hana haki ya kudai mji.

Fani yenyewe ni kongwe. Neno letu sataranji limetoka kwa Waarabu, walioupata mchezo huu kwa Waajemi, nao wakaupata Bara Hindi. Katika karne ya 9, huko Baghdad, bingwa aitwaye al-Adli alikuwa tayari anakusanya mafumbo ya namna hii. Basi Dawson aliingia katika nyumba iliyokuwa na wenyeji wengi kabla yake. Jambo alilofanya yeye ni kufungua chumba kilichokuwa kimefungwa.

PANZI

Tarehe 3 Julai 1913, katika gazeti la Cheltenham Examiner, Dawson alichapisha fumbo lenye kete mpya aliyoiita Panzi. Panzi huelekea kote anakoelekea malkia, yaani mbele, nyuma, pembeni na mshazari, lakini hawezi kwenda popote bila kuruka kete nyingine, na akisharuka hutua papo hapo kwenye nyumba ya pili yake. Tuseme Panzi yuko a1 na pana askari a5. Panzi atamruka na kutua a6, wala hawezi kuishia a4 au kuendelea hadi a7. Nyumba ya a6 ikiwa na adui, anamla. Ikiwa na mwenzake, safari haipo. Na kama mstari wote ni mtupu, Panzi hukaa pale pale kama jiwe.

Tazameni jambo lililomo humo. Malkia hupata nguvu ubao unapokuwa wazi. Panzi hupata nguvu kwa kuwapo wenzake. Kila kete inayosogea humfungulia Panzi mlango mmoja na kumfungia mwingine, hata kama yeye mwenyewe hakuguswa. Kwa kete moja ndogo Dawson aliupa ubao ule ule wa nyumba 64 mambo ambayo hayakuwahi kuonekana.

Mwaka huo huo wa 1913 alitoa sheria nyingine, safari hii bila kubadili kete. Mweusi alilazimishwa kila mara kucheza hatua iliyo ndefu kuliko zote alizo nazo, ikipimwa kwa urefu wake ubaoni. Ngome itokayo a1 kwenda a8 husafiri urefu wa 7. Malkia atokaye a1 kwenda h8 kwa mshazari husafiri takriban 9.9; farasi hupata 2.24 tu. Hapo kanuni ya Pythagoras tuliyoikariri kidato cha pili inapata kazi. Mweupe, akijua kwamba adui hana hiari, humvuta huku na huko mpaka amwingize mtegoni.

Mwaka 1925 akaleta Farasi wa Usiku. Huyu huruka kama farasi tumjuaye, ila akiisha kuruka mara moja anaweza kuendelea kwa mwelekeo ule ule mradi nyumba anazokanyaga ni tupu. Kutoka a1 aweza kupita b3 na c5 hadi d7, au kupita c2 na e3 hadi g4. Kabla ya hapo, mwaka 1912, alikuwa amekwisha kutunga kete zisizo na upande, ambazo mchezaji yeyote aweza kuzitumia zamu yake ikifika.

Mafumbo ya jamii hii yalipewa jina mwaka 1914 na Henry Tate wa Melbourne, Australia, aliyeyaita sataranji ya vichimbakazi, wale viumbe wa ngano za bibi ambao hutokea na kutoweka na kufanya yasiyofanywa na binadamu. Jina likashika. Dawson ndiye aliyekuja kuitwa baba wa fani hiyo.

JE, HUKU SI KUHARIBU MCHEZO?

Swali hili Dawson alikumbana nalo maisha yake yote, maana watungaji wengi wa mafumbo ya kawaida waliyaona haya kuwa mambo ya kitoto. Walisema kwamba mtu anayebadili sheria kila akishindwa hawezi kukosa kushinda.

Lakini sataranji yenyewe haikushuka kutoka mbinguni na sheria zake. Katika sataranji ya al-Adli hakukuwa na malkia. Palikuwa na waziri aliyekwenda nyumba moja tu kwa mshazari, na mahali pa askofu alikuwapo tembo aliyeruka nyumba mbili. Malkia mwenye nguvu tunayemjua leo alitokea Ulaya mwishoni mwa karne ya 15. Katika sataranji kubwa inayonasibishwa na Timur, mshindi wa Asia ya Kati, walikuwamo hata ngamia na twiga. Kwa hiyo anayesema sheria hazibadiliki hajui historia ya ubao anaoutetea.

La pili ni zito zaidi. Mdanganyifu hubadili sheria katikati ya mchezo, kimya kimya, kwa faida yake. Dawson alitangaza sheria yake mwanzoni, mbele ya wote, kisha akajifunga nayo mwenyewe kwa ukali kuliko alivyomfunga msomaji. Panzi akishaelezwa ni Panzi, hakuna kumwonea huruma. Fumbo la Panzi lenye majibu mawili limevunjika sawasawa na lolote lingine. Uhuru wake ulikuwa wa kuchagua kanuni, siyo wa kuzikwepa. Naamini hilo lilikuwa somo kubwa kuliko kete zote alizobuni.

WAKATI WA VITA

Mwaka 1915, Ulaya ikiwa vitani na Waingereza na Wajerumani wakiuana kwenye mahandaki, kilitoka kitabu cha mafumbo ya kutazama nyuma kilichotungwa na watu wawili: Dawson Mwingereza na Wolfgang Hundsdorfer Mjerumani. Kilitolewa katika mfululizo wa vitabu ambavyo Mmarekani Alain C. White aliwagawia rafiki zake wa sataranji wakati wa Krismasi.

Katika mafumbo hayo swali haliwi nini kitafuata, bali nini kilikwisha kutokea. Msomaji huoneshwa ubao na kuulizwa hatua ya mwisho ilikuwa ipi, au kama mfalme huyu alikwisha kusogea, au askari yule alikotoka. Ni kazi ya mpelelezi asomaye nyayo asubuhi baada ya mwizi kuondoka. Nasi tukumbuke kwamba nchi zao mbili zilipokuwa zimekatana kabisa, majina ya watu hawa yalikaa pamoja kwenye jalada moja.

KAZI YA MCHANA NA KAZI YA USIKU

Msije mkadhani kwamba Dawson aliishi kwa mafumbo. Mtu hawezi kununua mkate kwa Panzi. Kazi yake ilikuwa katika utafiti wa mpira, si huu wa miguu, bali ule utokanao na utomvu wa mti. Mwaka 1935 chama cha utafiti cha watengenezaji wa mpira wa Uingereza kilitoa kitabu kikubwa cha tabia za mpira kifizikia na kikemia, kilichoandikwa na yeye pamoja na B. D. Porritt. Historia ya viwanda vya mpira aliyoihariri na P. Schidrowitz ilichapishwa mwaka 1952, mwenyewe akiwa amekwisha kufariki. Alikuwa basi mtu wa kukusanya, kupanga na kuainisha, na tabia hiyo aliileta mpaka kwenye ubao.

Juu ya kazi hiyo alibeba mzigo wa pili. Kuanzia 1919 hadi 1930 aliendesha safu ya mafumbo haya katika jarida la Chess Amateur. Alikuwa mwanzilishi na mhariri wa The Problemist, jarida la chama cha watungaji wa Uingereza. Mwaka 1930 akaanzisha nyongeza yake ya mafumbo ya vichimbakazi, iliyokuja kujitegemea kwa jina la Fairy Chess Review, akaihariri mpaka kufa kwake. Kuanzia 1931 akaongeza kurasa za mafumbo za British Chess Magazine, nazo akazishika miaka 20. Vita vya Pili vilipokuja, karatasi zikawa adimu na mabomu yakaanguka, jarida lake halikufa.

Anayejua uhariri anajua maana ya maneno hayo. Kila fumbo lililoletwa lilipaswa kujaribiwa kwa mkono, hatua kwa hatua, kutafuta jibu la pili lililojificha. Hapakuwa na kompyuta. Palikuwa na ubao, penseli na uvumilivu.

HESABU YAKE

Katika maisha yake Dawson alitunga mafumbo 5,320 ya vichimbakazi, 885 ya kumfunga mfalme kwa njia ya kawaida, 97 ambayo Mweupe humlazimisha Mweusi amfunge yeye, na 138 ya miisho ya mchezo. Jumla ni 6,440. Tukigawa kwa miaka 44 tangu 1907 hadi 1951, ni takriban fumbo moja kila siku mbili na nusu. Kati ya hayo, 120 yalipata zawadi na 211 yakatajwa kwa sifa. Kwa hiyo si kila moja lilikuwa lulu, wala yeye si malaika wa fani yake. Lakini mkulima apandaye shamba kubwa hahukumiwi kwa kila mche.

Kati ya 1935 na 1947 aliandika vitabu ambavyo majina yake mengi humtaja Caissa, mungu wa kike wa sataranji katika ushairi wa Kiingereza. Cha kwanza, cha 1935, kiliitwa Caissa's Wild Roses, yaani waridi-mwitu za Caissa. Jina hilo lafaa: ni maua yasiyopandwa bustanini.

Lakini kitabu ninachokipenda kuliko vyote si cha mafumbo yake mwenyewe. Alikuwa na rafiki, Charles Masson Fox, mfanyabiashara wa Cornwall aliyemzidi umri zaidi ya miaka 20, ambaye walikuwa wakitunga pamoja. Fox alifariki mwaka 1935. Mwaka uliofuata Dawson alitoa kitabu kizima cha mafumbo ya Fox ili yasipotee. Mtu aliyekuwa na kazi ya mchana na majarida ya kuhariri alipata nafasi ya kufanya hivyo.

MBEGU ILIYOOTA KWINGINE

Katika Caissa's Wild Roses mlikuwa na mchezo mdogo. Chukua ubao wenye mistari mitatu tu. Panga askari weupe mstari wa chini, weusi mstari wa juu, kila mmoja akimtazama mwenzake. Kula ni lazima. Dawson alitaka anayecheza hatua ya mwisho awe ndiye aliyeshindwa.

Richard Guy, Mwingereza aliyekuwa mtungaji wa sataranji na mwanahisabati pia, aliugeuza kidogo: wa mwisho awe mshindi. Alipochunguza ubao wa safu moja, mbili, tatu na kuendelea, aliona kwamba baada ya safu za mwanzo mpangilio hujirudia kila baada ya 34. Mwaka 1956 yeye na Cedric Smith walichapisha matokeo hayo, na leo mchezo huo uitwao sataranji ya Dawson unafundishwa vyuo vikuu katika hisabati ya michezo. Guy aliishi hadi mwaka 2020, akapita umri wa miaka 100. Namna aliyoitaka Dawson mwenyewe ilionekana kuwa ngumu zaidi, na imewahangaisha wanahisabati kwa miaka mingi.

Jarida lake pia lilichapisha mafumbo ya kuunga vipande vya miraba mitano mitano kuwa mstatili. Vipande vya jamii hiyo Solomon Golomb wa Marekani alivipa jina na nadharia kuanzia 1953, na kutokana na mchezo wa vipande hivyo Alexey Pajitnov wa Moscow alipata wazo la Tetris mwaka 1984. Wajukuu zetu wanaoicheza kwenye simu hawajui kwamba wazee fulani walikuwa wakipanga vipande vya namna hiyo kwa penseli, kwa kujifurahisha tu.

KUFARIKI

Dawson alifariki tarehe 16 Desemba 1951 akiwa na umri wa miaka 62, akiwa bado mhariri. Fairy Chess Review iliendelea miaka michache ikakoma, lakini fani haikukoma. Mwaka 1968 Wafaransa Pierre Monréal na Jean-Pierre Boyer walibuni sheria iitwayo Circe, ambapo kete iliyoliwa huzaliwa upya kwenye nyumba yake ya mwanzo. Vitabu vitano vya Dawson vilichapishwa tena vikiwa vimeunganishwa mwaka 1973. Siku hizi ipo programu ya kompyuta iitwayo Popeye inayoweza kujaribu fumbo la Panzi kwa dakika chache, kazi ambayo yeye aliifanya kwa jioni nzima.

Ndugu zangu, kila tukutanapo swali la kwanza tunaloulizana ni nani yuko wapi na ana cheo gani. Si swali baya. Lakini ukimuuliza Dawson swali hilo atakujibu kwamba yuko kwenye mpira, na utaondoka hujui lolote juu yake. Mambo ambayo watu wanamkumbukia aliyafanya baada ya saa za kazi, bila kulazimishwa, kwa uaminifu ule ule ambao angeutumia kama angelipwa.

Baada ya mazishi ya mwenzetu, mjane wake alinipa madaftari yake sita. Alikuwa hajui kama ni ya kutunza au ya kuchoma. Nimeyafungua. Mafumbo ya kizibo hayakuishia kidato cha nne. La mwisho lina tarehe ya miezi mitatu kabla ya kufa kwake. Ninayajaribu moja moja. Mengine yamevunjika, mengine ni mazima, na machache ni mazuri sana. Mwaka 1936 Dawson alimtendea Fox jambo ambalo rafiki anapaswa kulitenda. Atakayekuja kwenye mkutano wetu ujao na ubao wa sataranji, hata kama umepotelewa na kete, aje tukae pamoja. Vizibo nitaleta mimi.